Shajara ya mradi: ngoma ya kimya Mwanjelwa, watu 36 na mdundo mmoja masikioni

4 Mei 2024: Lengo, na njia ya kufikisha muziki

Watu 36 wanaingia sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, kama wanunuzi wengine, kila mmoja na eafoni zake. Kwa wakati mmoja wote wanaganda, kisha wanacheza stepu zilezile kwa dakika nne, wanatawanyika. Hakuna spika wala jenereta. Shajara hii inaandikwa ili kikundi chochote cha Iringa, Njombe au Songea kikitaka kuiga kisianzie sifuri.

Jambo lenyewe lina umri. London walianza mwaka 2003, lakini kule kila mtu alikuwa anacheza muziki wake mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinganisha. Februari 2009 mwaliko uliosambazwa Facebook ulijaza watu kituo cha treni cha Liverpool Street mpaka kikafungwa kwa muda. Kwa sababu hiyo mwaliko wetu hauendi mtandaoni: majina yako kwenye orodha, na kila jina lina mtu aliyelileta. New York, kikundi cha Improv Everywhere tangu 2004 kimekuwa kikigawa faili moja la sauti, watu wanalianzisha kwa pamoja. Tunachotaka kinafanana zaidi na hiki cha New York, maana stepu ni moja.

Njia za kufikisha muziki ni tatu. Ya kwanza ni hedifoni maalumu za disko la kimya, zinazopokea kwa mawimbi ya redio kutoka mtambo mmoja. Zinalingana zenyewe bila kazi yoyote. Ila ni za kukodi, zisafiri kwa basi kutoka Dar na kurudi, na zinawaka taa za rangi: mtu akiingia nazo sokoni, kila muuza nyanya anajua kuna jambo. Ya pili ni kirusha FM kidogo cha kwenye gari, watu wasikilize kwa redio ya simu. Kile kimetengenezwa kifike kwenye redio ya gari hilohilo. Weka watu thelathini katikati na miili yao inakula mawimbi. Ukitaka kuongeza nguvu unaingia kwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ya tatu ni faili la MP3 kwenye simu ya kila mtu. Ni ya bei ya chini kuliko zote na haihitaji leseni, lakini inaacha tatizo moja ambalo ndilo limekula karibu kazi yote iliyoandikwa hapa chini: kuanza pamoja.

18 Mei 2024: “Moja, mbili, tatu, bonyeza” haifanyi kazi

Jaribio lilikuwa na watu kumi na wawili, biti ya singeli, na mkono wa kiongozi ukishuka kama ishara ya kubonyeza. Kwa macho ya mtu wa pembeni lilikuwa kundi la watu waliolewa. Sababu zilikuwa tatu, na zilitenganishwa moja baada ya nyingine.

Kubwa kuliko zote ni eafoni za Bluetooth. Sauti inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa, na safari hiyo inachukua kati ya milisekunde 100 na 300 kutegemea aina (sekunde moja ina milisekunde 1,000). Zingekuwa zote zinachelewa sawa kusingekuwa na shida, ila kila aina inachelewa kivyake. Uamuzi: waya tu. Eafoni za waya za shilingi 3,000 pale Mwanjelwa zinashinda za Bluetooth za bei mara kumi kwa kazi hii. Simu zisizo na tundu la eafoni za kawaida zinatumia adapta ya waya, sawa tu.

Ya pili ni kidole na simu yenyewe. Mtu anayesubiri ishara huchelewa kama milisekunde 200, mwingine 350, na simu nzito yenye programu nyingi inaongeza yake juu. Mkono ukishuka mara moja, tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho inafika nusu sekunde bila mtu kufanya kosa lolote. Filimbi haisaidii. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 34 kutoka kwa mpuliza anaisikia milisekunde 100 baadaye.

Ya tatu ni muziki wenyewe. Singeli ya midundo 200 kwa dakika inaacha milisekunde 300 tu kati ya mdundo na mdundo. Kosa la 150 linakuweka katikati kabisa, mguu wako ukishuka wakati wa jirani unapanda. Kwenye midundo 96 kwa dakika nafasi ni milisekunde 625, na kosa lilelile jicho linalisamehe. Singeli imehamishiwa mwisho wa onyesho, pale kila mtu anapocheza anavyojua.

Hofu moja iliondolewa hapa: kwamba simu zikianza pamoja zitaachana njiani. Saa ya ndani ya simu inakosea sehemu chache kwa kila milioni, tuseme hata 50. Kwa faili la dakika 14 hiyo ni milisekunde 42. Haionekani. Ukianza vizuri utamaliza vizuri.

1 Juni 2024: Kulinganisha kwa sikio

Njia iliyobaki imejengwa juu ya kitu rahisi. Watu wawili wanasimama bega kwa bega. Kila mmoja anampa mwenzake kipande kimoja cha eafoni zake. Sikio la kulia linasikia simu yangu, la kushoto linasikia yako. Zikiachana zaidi ya milisekunde 30 au 40 unasikia mlio mara mbili, ta-tak. Zikilingana mlio unakuwa mmoja na unahisi umekaa katikati ya kichwa. Hakuna programu ya kupakua; sikio linapima vizuri kuliko macho yanavyosoma saa.

Kurekebisha kunakwenda upande mmoja: aliye mbele ndiye anayesubiri. Mkiwa na tiki moja kila sekunde kwenye faili, aliye mbele anabonyeza pozi pale anaposikia tiki yake, anaendelea kusikiliza ya mwenzake kwa sikio la pili, na anabonyeza pleyi juu ya tiki inayolingana. Kwa nini hii inafaulu wakati ishara ya mkono ilishindwa? Kwa sababu mkono unashtukiza, tiki unaitarajia. Mtu yeyote anayeweza kupiga makofi kanisani au kwenye kwaya anaweza kugonga juu ya tiki akakosea kidogo sana.

Toleo la kwanza la faili lilikuwa na tiki tupu. Jozi mbili zililingana sawasawa, mlio mmoja, safi, na bado zilikuwa zimeachana sekunde nzima. Tiki zote zinafanana, na mtu anaweza kukaa juu ya tiki isiyo yake asijue. Toleo la pili lina sauti inayohesabu: “kumi… kumi na moja… kumi na mbili…” mpaka mia tatu, tiki ikiwa mwanzoni mwa kila namba. Namba kubwa ni ndefu kutamka kuliko sekunde moja, hivyo baada ya mia moja sauti inataja kila ya tano tu na nyingine ni tiki.

Kisha suala la mnyororo. A akilinganisha na B, B na C, C na D, makosa madogo yanajumlishwa na mtu wa kumi yuko mbali na wa kwanza. Mpangilio uliofaa ni wa ngazi mbili. Simu moja ni mama. Viongozi sita, mmoja wao akiwa mwenye simu mama, wanalingana nayo moja kwa moja. Kila kiongozi ana watu wake watano na wanalingana na yeye tu. Sita na thelathini, 36, na hakuna aliye zaidi ya hatua mbili kutoka simu mama.

Wote wanabonyeza pleyi mkono unaposhuka, isipokuwa simu mama: huyo anahesabu sekunde mbili ndipo abonyeze. Makusudi yake ni kwamba wote wawe mbele yake, kwa kuwa aliye nyuma hana namna nzuri ya kukimbia. Viongozi wakishasubiri na kulingana na mama, nao wanakuwa nyuma ya watu wao watano, na watu watano wanasubiri kwa zamu. Mtu akipitiliza akajikuta nyuma, anaruka mbele sekunde 10 kwa kitufe cha programu ya muziki, kisha anapozi na kusubiri upya.

Jambo dogo lenye uzito wake: eafoni zinatoka sikio hili kwenda lile, kwa hiyo pamba na spiriti vinatembea na kila kiongozi. Na makundi ya sita yapangwe kwa watu waliozoeana. Msichana hataki kusimama shavu kwa shavu na mwanaume asiyemjua mbele ya shangazi zake.

15 Juni 2024: Biti na faili

Kugawa wimbo wa msanii kwa simu 36 ni kunakili kazi yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiulizi kama ulifanya kwa kujifurahisha. Njia mbili: kuomba ruhusa kwa mwenye kazi na kufuata taratibu za COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au kutengeneza biti yako. Tumechagua ya pili, kwa prodyuza wa mtaani, kwa makubaliano ya maandishi kwamba biti ni ya kikundi. Faida nyingine ni kwamba unachagua mwendo mwenyewe na unapata midundo 96 isiyoyumba. Mwambie prodyuza mapema kwamba mdundo wa chini usifunike sauti ya maelekezo. Eafoni za 3,000 zina besi nyingi na maneno kidogo.

Faili lina dakika 14. Tangu mwanzo hadi dakika ya 5 ni hesabu na tiki. Viongozi wanatumia dakika moja na nusu ya kwanza, watu wao zilizobaki, kila mmoja chini ya sekunde 40. Dakika ya 5 hadi ya 8 ni muziki laini na sauti ya maelekezo: ingia sokoni, achaneni, tembea polepole, angalia bidhaa. Dakika ya 8 wote wanaganda kwa sekunde 20. Stepu zinaanza 8:20 na kwenda mpaka 12:20, kisha dakika moja ya singeli huru, kisha “tawanyika, usikimbie, usicheke.”

Limehifadhiwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde, kiwango kisichobadilika. Hiyo inatoa MB 10 hivi. Kiwango kinachobadilika kinapunguza ukubwa, lakini baadhi ya simu zinaruka mahali pasipo sahihi ukibonyeza “sekunde 10 mbele”. Ni mono pia, yaani sauti ileile masikio yote mawili. Ikiwa ni stereo na mtu amempa mwenzake kipande cha kushoto, anaweza kukosa maneno yaliyowekwa kushoto.

Usigawe kwa kulituma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp na watu wakalicheza humohumo: skrini ikizimika au simu ikikaribia mwili, sauti inahama au inakatika. Litume kama dokumenti, lihifadhiwe, lichezwe na programu ya muziki ya simu. Wenye vitochi, simu ndogo za vitufe, wanawekewa kwenye memori kadi, na kusema kweli vitochi ndivyo vilivyosumbua kidogo kuliko simu zote. Havina cha kuwaza zaidi ya wimbo.

22 Juni 2024: Vibali

Ushtukizaji ni kwa wateja wa soko, si kwa serikali. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko wa hadhara. Tulipeleka wiki tatu kabla. Barua nyingine ilikwenda halmashauri ya jiji kupitia mtendaji wa kata, na nakala kwa ofisa utamaduni.

Maneno ya barua yana kazi. Rasimu ya kwanza ilisema “mkusanyiko wa kushtukiza wa vijana” na ilirudi na maswali mengi kuliko mistari yake. Iliyokubaliwa ilisema “onyesho la ngoma lisilotumia vipaza sauti, dakika 14, washiriki 36, waangalizi wanne,” ikaambatanishwa na mchoro wa eneo, orodha ya majina na namba ya mratibu. Kukosekana kwa spika ni hoja nzuri: hakuna wa kulalamikia kelele.

Mwenyekiti wa soko alitaka jambo moja tu, njia za kuingia vibandani zisizibwe. Wamachinga wenye meza pembeni wataambiwa siku mbili kabla, wao pekee. Wakijulishwa wote habari inafika Uyole kabla yako.

29 Juni 2024: Mazoezi kamili, uwanja wa Ruanda-Nzovwe

Kulingana kulichukua muda uliopangwa. Matatizo yalihamia kwenye miili.

*Miguu.* Ngoma ya kimya haina kimya. Anayetazama hasikii biti, anasikia soli, pumzi, na wale wanaojisahau wakaimba kwa sauti. Hapa ndipo lilipojitokeza jambo ambalo hatujaliona likiandikwa popote: jicho linasamehe tofauti ya milisekunde 100 kwenye mkono unaopanda, lakini sikio halisamehi kwenye miguu inayopiga chini. Watu 36 wakikanyaga pamoja unatarajia “du!” moja, unapata “drrrr” kama mahindi yanamwagwa kwenye debe. Kwenye majani haisikiki. Kwenye zege inaumbua. Stepu zote za kukanyaga kwa nguvu zimeondolewa, isipokuwa tatu, nazo zimewekwa mara baada ya kuganda, wakati kila mtu anamtazama kiongozi wake na kushuka naye kwa macho. Vijana waliotaka mtindo wa lipenenga wa kule Rungwe, ambao bila miguu haukamiliki, wamepewa sehemu ya singeli huru. Raba tu, viatu vya soli ngumu vinabaki nyumbani.

*Waya.* Mkono ukipanda juu waya unavutika na pini inachomoka. Simu janja nyingi zinasimamisha muziki. Baadhi ya vitochi vinaendelea kupiga kwa spika ya nje, hadharani. Dawa: waya upite ndani ya nguo, kitanzi cha sentimita kumi kibaki karibu na simu, pini ibandikwe selotepu, simu ikae kwenye kibegi cha kiunoni na skrini ikitazama nje ili paja lisibonyeze chochote. Kwa baridi ya Juni na Julai wengi wana makoti mazito, na koti linaficha waya vizuri.

*Simu kukatisha.* Ujumbe unaingia, muziki unashuka. Simu inaita, muziki unasimama, na mtu anarudi akiwa nyuma kwa muda wote iliyoita. Hali ya ndege iwashwe kabla ya kubonyeza pleyi. Zima pia kitunza chaji. Kwenye simu za bei nafuu kinaua programu ya muziki dakika chache baada ya skrini kuzimika, na kwetu kiliua nne, zote karibu na dakika ya 9. Zima kurudia na kuchanganya nyimbo, na ule mpangilio wa wimbo mmoja kuingia ndani ya mwingine.

Aliyepotea asihangaike na simu. Anatoa kipande kimoja, anamfuata jirani kwa macho. Mtu mmoja anayefuata kwa macho haonekani. Anayeinama kuangalia skrini anaonekana na soko zima.

13 Julai 2024: Siku yenyewe

Saa 9:30 alasiri makundi sita yalikutana sehemu sita tofauti nje ya soko. Kwa kuwa hawaonani, simu mama ililinganishwa na viongozi mahali pamoja, ndipo viongozi wakatawanyika kwenda kwa watu wao faili likiwa linaendelea. Hapo ndipo dakika tano zilipobana: kiongozi wa mbali kuliko wote alifika hesabu ikiwa 160 na alimaliza watu wanne. Wa tano alicheza kwa macho.

Kuganda kulifaulu kuliko tulivyodhani. Sekunde 20 sokoni ni ndefu. Mama mmoja muuza parachichi alimshika mkono msichana aliyeganda mbele ya meza yake: “We mwanangu, unaumwa?” Msichana hakujibu, na mama akaanza kuita watu. Mwangalizi akamwahi: “Shikamoo mama, ni mchezo tu, ataendelea sasa hivi.” Tangu hapo kanuni ni kwamba mtu asigande mbele ya mtu anayezungumza naye.

Waangalizi wanne hawavai eafoni. Kazi yao ni bodaboda, mikokoteni, na upande wa barabara kuu ya TANZAM ambako malori ya Tunduma hayangoji mtu. Mchezaji hasikii filimbi wala honi, kwa hiyo ishara ni ya macho na mguso: kitenge chekundu kikiinuliwa wote wanasimama, na kuguswa bega mara mbili maana yake toa eafoni usikilize. Kitenge kiliinuliwa mara moja, mkokoteni wa viazi ulipohitaji kupita katikati. Walisimama, ukapita, wakaendelea pale muziki ulipofika, na watazamaji walidhani ni sehemu ya ngoma.

Kilichoharibika kweli ni nafasi. Watazamaji walisogea mpaka mita moja na nusu kati ya wachezaji ikawa nusu mita, na wa nyuma wakapoteza macho ya viongozi. Kuanzia dakika ya 10 upande wa magharibi ulikuwa nyuma kidogo, na stepu ya kugeuka ilitoka kwa mawimbi badala ya mara moja. Watoto walioiga kando walikuwa sawasawa kuliko wao, kwa kuwa waliona vizuri.

20 Julai 2024: Gharama na mabadiliko ya faili

Biti pamoja na kurekodi sauti ya maelekezo, 150,000. Eafoni 15 za akiba, 45,000, na saba zilitumika. Memori kadi nne, 24,000. Barua na nakala, 8,000. Selotepu, pamba na spiriti, 5,500. Maji katoni tatu, 18,000. Nauli za wanaotoka Uyole na Iyunga kwa mazoezi na siku yenyewe, 86,000. Jumla 336,500. Eneo halikutozwa. Ukiwa na biti tayari, na watu wanaokaa karibu, asilimia 70 hivi ya fedha hiyo inapungua.

Toleo la tatu la faili limeongezwa hesabu kutoka dakika tano hadi nane, hivyo ni dakika 17 na MB 12 hivi. Kwenye dakika ya kwanza ya stepu kumewekwa hatua nne za kutembea kwenda nje kwa mikono iliyonyooshwa, ambazo zinawasukuma watazamaji nyuma bila mtu kuambiwa sogea. Kila kundi la sita sasa lina viongozi wawili, wa pili akisimama upande wa pili, ili ukigeuka daima uwe na mtu wa kumtazama. Kwa Iringa, mji ukiwa juu ya kilima, mtafute sehemu tambarare: kwenye mteremko kugeuka kunachelewa kwa anayepanda, na hilo hakuna tiki inayolirekebisha.